Walio Bondeni Mugoboka

Mvua ya Kasulu haibishi hodi. Siku hiyo ya soko ilishuka mchana kweupe, watu wakiwa wamebanana kati ya mikungu ya ndizi na marundo ya mitumba, na kufumba na kufumbua soko zima likawa mbioni. Akina mama walijitwisha mabeseni ya dagaa, wachuuzi wakavuta maturubai, na Maximilla, aliyekuwa amekuja kutoka Kibondo kwa semina na kupitia sokoni kutafuta kitambaa cha gauni, akajikuta amesukumwa hadi ndani ya kibanda cha vitenge.

"Dada, shika ncha hiyo! Vitenge vyangu vinalowa!"

Aliyesema hivyo alikuwa mwanamume mrefu, mweusi wa kung'aa, mikono ya shati lake jeupe imekunjwa, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Maximilla akashika ncha ya turubai. Gauni lake la zambarau lilimkaa vizuri, nywele amesuka twende kilioni, na kwa muda yule muuza vitenge alisahau kabisa kwamba mali yake inalowa.

Kisha mvua ikaongeza nguvu juu ya mabati, na Maximilla akaziba masikio kwa viganja. Turubai likalegea. Maji yakamwagika juu ya jora zima la kitenge.

"Unaumwa, dada?"

"Hapana. Ni mvua tu."

Hakusema uongo, ila hakusema yote. Kila mvua kubwa ilipopiga juu ya bati, Maximilla alimsikia dada yake Therese. Alimsikia hasa, kama mtu aliye chumba cha pili: "Milla, toka! Toka!" Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya mwisho ya Therese, asubuhi ile mto ulipopanda kutoka bonde la Mugoboka, nje kidogo ya mji wa Kibondo, na kuingia katika chumba walichopanga wakiwa wanafunzi wa sekondari. Therese alimsukuma mdogo wake kupitia dirishani. Ukuta wa tofali mbichi ukaanguka kabla yeye mwenyewe hajatoka.

Yule mwanamume akamvutia kigoda, akamkalisha, akaacha vitenge vyake viendelee kulowa.

"Nimekuharibia kitambaa," Maximilla alisema alipopata pumzi.

"Kitakauka. Unaitwa nani?"

"Maximilla. Na wewe?"

"Ndayikunda."

Alijikuta akicheka. Kwa Kiha cha nyumbani kwao, kama ilivyo kwa Kirundi, jina hilo ni sawa na mtu kusema nampenda.

"Unampenda nani?"

"Mungu. Ndivyo mama alivyokusudia. Lakini nafasi bado ipo."

"Wateja wote unawaambia hivyo?"

"Wateja wote hawaniloweshei vitenge."

Mvua ilipokatika, jua likatoka juu ya matope, na namba ya simu ya Ndayikunda ilikuwa tayari ndani ya simu ya Maximilla.

Ikawa simu asubuhi, simu jioni. Ndayikunda aliuza Kasulu lakini vitenge alivifuata Mabamba, kule mpakani, na kila alipopanda kilima penye mtandao alipiga.

"Uko wapi leo?"

"Mabamba. Nimepata kitenge cha kijani, nimekataa kukiuza."

"Kwa nini?"

"Kina mwenyewe. Yuko Kibondo, ana hasira za karibu na kishimo shavuni."

"Kishimo kimoja?"

"Cha pili sijakiona. Bado hujacheka vya kutosha."

Mara moja alimwita Milla, naye akakata simu. Alipompigia tena, hakumuuliza kitu. Alisema tu, "Basi nitakuita mukunzi," yaani kipenzi, na tangu hapo hakumwita vinginevyo. Maximilla alimpenda kwa sababu hiyo kabla hajampenda kwa nyingine zote.

Ofisini kwake Kibondo, Maximilla alikuwa afisa mipango miji. Mji ulikuwa unakua, na nyumba zilikuwa zinateremka mwaka hadi mwaka kuelekea kwenye mafunjo ya Mugoboka. Kanuni za zamani za ardhi oevu zilisema mengi bila kumzuia mtu. Kamati ya mipango miji ilikuwa imeamua zipitiwe upya: mahali pa kujenga, mahali pa kulima tu, na mahali ambapo hapaguswi. Kazi ya kuchora mpaka mpya alipewa yeye. Alivaa mabuti, akatembea ukingo wote wa bonde, na mpaka akauweka pale pale maji yalipofika asubuhi ile. Hakuongeza wala hakupunguza. Hakumwambia mtu yeyote alijuaje maji yalifika wapi.

Jumapili moja Ndayikunda akasema, "Leo nakupeleka kwa mama."

Maximilla alivaa gauni la kitenge cha kijani, mabega yamepandishwa, na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyo hiyo. Nyumbani kwa mama huyo alikuwa amepasikia tu kama "kule chini, Kibondo". Pikipiki ikawashusha juu ya tuta, njia ikaanza kuteremka, naye akasimama. Aliyajua yale mafunjo. Aliijua ile harufu ya matope na maji yaliyotuama.

"Mukunzi, unaogopa wakwe?"

"Naogopa kuteleza," alijibu.

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, ua umefagiliwa hadi unang'aa, shamba dogo la maharage likishuka hadi kwenye mafunjo. Mpaka aliouchora ulipita nyuma ya nyumba hiyo, upande wa juu. Nyumba yote ilikuwa ndani ya eneo lisiloguswa.

"Karibu, mwana wanje," alisema Mama Ininahazwe, mwanamke mdogo wa umbo, mnyoofu kama mshale, rozari shingoni. Mwanangu. Tangu mama yake mzazi afariki, hakuna aliyemwita hivyo. Akakaribishwa ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, lililotiwa mawese, akala, akaongezewa, akala tena.

Baada ya chakula mama alimpeleka pembeni ya shamba, penye duara la mawe yaliyopakwa chokaa.

"Huyu ni Providence, mtoto wangu wa kwanza. Tulikimbia mwaka wa sabini na mbili, nikimbeba mgongoni. Homa ikamchukua tulipofika hapa. Kule Burundi niliacha makaburi ya watu wangu wote, mwana wanje. Sasa mimi ni Mtanzania, nina cheti, nina kura. Lakini nilichomwahidi huyu ni kimoja: sitamwacha."

Jua lilipoinama, Mama Ininahazwe alisimama kwenye ukingo wa shamba, akaita kwa sauti ya chini, bila haya, kama mtu anayeita mtoto aliyekwenda kucheza. "Providence! Ngwino muhira!" Njoo nyumbani.

Mafunjo yakatikisika, ingawa hapakuwa na upepo. Na Maximilla, akiwa amesimama na gauni lake jipya, akasikia kutoka mahali pale pale sauti ya pili: toka, toka. Mmoja alikuwa akiitwa aje, mwingine akifukuza.

Angeweza kusema siku hiyo. Alijiambia kwamba rasimu bado haijapita kwenye kamati, na afisa haruhusiwi kuieleza nje. Ilikuwa kweli. Lakini kweli zaidi ni kwamba alitaka kuitwa mwana wanje mara moja zaidi.

Rasimu ikapita. Tangazo likabandikwa kwenye ofisi ya kata, wenye mapingamizi wakatakiwa wayalete, na vigingi vyenye rangi nyekundu vikapigwa ardhini. Siku hiyo hiyo simu ikaita.

"Nimesimama nyuma ya nyumba ya mama." Sauti ya Ndayikunda ilikuwa kavu. "Kuna kigingi. Nimeuliza aliyechora ni nani, wakanitajia jina lako. Waambie wamekosea, mukunzi."

"Hawajakosea."

"Ulijua lini?"

Maximilla akainuka, akafunga mlango wa ofisi.

"Ulikula ugali wa mama yangu ukijua?"

"Ndayi, nisikilize. Pale maji yanafika. Mimi…"

"Mama alikimbia vita akiwa na mtoto mgongoni. Akafukuzwa kwenye shamba la kwanza, akahamishwa kutoka la pili, ndipo akafika hapa. Hakuna aliyewahi kumfukuza huku akimchekea. Wewe ndiye wa kwanza."

Simu ikakatika. Alipiga, haikupokelewa. Alipiga kesho yake, ikazimwa. Alikwenda Kasulu, akakuta kibanda kimefungwa, na jirani muuza viatu akamwambia bila kumtazama kwamba mwenye nacho yuko kwa mama yake, anaandaa pingamizi. Mvua za vuli zilianza wiki hiyo. Maximilla akawa anakaa ofisini hadi mlinzi amwondoe, kwa sababu paa la ofisi lilikuwa na dari, na chini ya dari Therese alinong'ona tu.

Siku ya kusikiliza mapingamizi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wafyatua matofali walikuja, wakulima wa mboga wakaja, na mstari wa mbele alikaa Mama Ininahazwe amevaa kitenge chake cha kanisani, Ndayikunda kando yake katika koti jeusi, amekonda. Hakugeuza uso. Mwenyekiti wa kamati, Diwani Pasikali, mzee mpole mwenye miwani minene, alifungua kikao kama taratibu zinavyotaka.

"Kabla hatujaanza, yupo mjumbe au mtaalamu mwenye maslahi katika shauri hili? Aseme sasa."

Kwa kawaida swali hilo hupita kama kikohozi. Maximilla akasimama.

"Ninayo, mwenyekiti."

"Una kiwanja huko?"

"Sina. Nina uhusiano na mmoja wa waleta pingamizi."

"Uhusiano wa namna gani, afisa? Lazima uandikwe."

Maximilla alitazama meza, kisha akainua uso.

"Nampenda. Ninampenda Ndayikunda, mwana wa Mama Ininahazwe. Nilipochora mpaka sikujua ni kwao. Nilipojua, sikumwambia, nalo ni kosa langu. Na jambo la pili. Dada yangu alikufa kwa maji ya bonde hilo, nikiwa naye. Mpaka nimeuweka pale nilipomwona mara ya mwisho. Kamati ipime yenyewe kama nimepima kwa haki."

Pasikali alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Taratibu zinakutaka utoke nje, binti yangu. Mwingine ataisoma rasimu."

Akatoka. Alikaa barazani, na kupitia dirishani akasikia kila neno: mwenzake akisoma, wafyatua matofali wakilalamika, na mwisho sauti ya Mama Ininahazwe, polepole, nusu Kiswahili nusu Kirundi. "Mimi sibishani na maji. Nawauliza tu, mtoto wangu mtamfanyaje?"

Pasikali akaagiza swali hilo liandikwe.

Kikao kilipoahirishwa kwa chakula, mlango ukafunguliwa, na Ndayikunda akasimama mbele yake.

"Umesema nini mle ndani?"

"Umesikia."

"Nimesikia ukimwambia mwenyekiti. Mimi hujaniambia."

"Ndagukunda," alisema Maximilla. Nakupenda. Kwa Kiha neno hilo halikuwa na pa kujificha. "Na samahani. Nilipaswa kukwambia pale pale tuliposhushwa na pikipiki, kabla hatujateremka."

Ndayikunda akakaa chini kando yake, koti na yote, kwenye saruji. "Hukuwahi kunitajia dada yako. Nimekupigia simu miezi yote hii, na kumbe mvua ikinyesha unakuwa na mtu mwingine sikioni."

"Ungeniona kichaa."

"Mama yangu kila jioni anamwita mtoto aliyekufa kabla sijazaliwa. Nimekulia katika nyumba hiyo. Ungekuta nimezoea."

Mama mwenyewe alikuwa ametoka, amesimama nyuma yao. Alimtazama Maximilla bila tabasamu.

"Anaitwaje, dada yako?"

"Therese."

"Huwa namsikia kule mafunjoni," alisema Mama Ininahazwe. "Nilidhani Providence amekua." Akashuka ngazi, akaenda zake kutafuta maji ya kunywa.

Kamati ilikubali mpaka ubaki ulipo. Nyumba zihame, matofali yasifyatuliwe tena ukingoni, waliohamishwa wapewe viwanja juu ya tuta kabla ukuta wowote haujabomolewa. Kwa ajili ya swali lile la Mama Ininahazwe, kikaongezwa kifungu kimoja: makaburi yaliyomo yabaki, na wenye watu wao waruhusiwe kushuka kuwatembelea wakati wowote. Maximilla hakuwa na mkono katika kifungu hicho. Alikisoma kama watu wengine, ubaoni, akilia.

Ndayikunda alijenga juu ya tuta. Mama yake alihama bila kuaga mtu, akibeba mwenyewe jiko lake, na kwa majuma kadhaa hakumwambia Maximilla zaidi ya salamu. Hakuwa amemsamehe, wala hakujifanya amemsamehe.

Masika ikaja. Mchana mmoja mto ukapanda. Kutoka barazani kwenye nyumba mpya walitazama, wote watatu, maji ya rangi ya chai yakitoka katika mafunjo, yakimeza shamba la maharage, yakipita juu ya duara la mawe, yakizunguka msingi wa nyumba ya zamani hadi usionekane. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, na Maximilla alikuwa ameziba masikio. Mama Ininahazwe alimsogelea, akamfunika nusu ya kitenge chake mabegani, na wakabaki hivyo, mwanamke mzee akilia bila sauti.

"Mmenihamisha mimi tu," alisema mama. "Yeye yuko chini ya maji."

"Ndiyo, mama," Maximilla alijibu.

Mama akaitikia kwa kichwa, kama aliyetaka tu pasiwe na wa kumdanganya, akaingia ndani kuangalia moto.

Ndayikunda akaja mahali pake, akamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Sina pete mfukoni," alisema. "Nilipanga niseme siku ya jua. Lakini ukiolewa na mimi, mukunzi, unaolewa na hawa wote, wazima na waliokwenda. Nataka ujue hilo kabla hujajibu."

"Na wangu je?"

"Na wako. Aje tu. Nyumba ina nafasi."

Maximilla alisikiliza. Mvua ilikuwa kubwa, na sauti ilikuwepo, kule kule chini. Lakini safari hii hakuweza kusikia ilisema nini.

"Nitaolewa na wewe," alisema.

Ndani, Mama Ininahazwe aliita wote waje kula.