Kompyuta Iliyochaguliwa kwa Uzito

Burito ni mfugaji. Anaishi na binti yake Lukresia katika kijiji kimoja cha Butiama, upande wa kuelekea Kiabakari. Kila asubuhi baba anafungua zizi. Binti anawasha moto, anachemsha chai, anafagia uwanja. Zamani asubuhi za nyumba hiyo zilikuwa na kelele, maana Matrida, mama wa nyumba, alikuwa mtu wa maneno na vicheko. Matrida alifariki mwaka jana kwa shinikizo la damu. Tangu hapo baba na binti wanakunywa chai kimya.

Matrida aliacha ng'ombe mmoja wa maziwa. Alimnunua mwenyewe kwa fedha za mihogo. Siku chache kabla hajafa alimwambia mumewe, "Huyu ni wa Lukresia. Akipata kazi, muuze umsaidie kuanza."

Lukresia alikuwa amesomea ukarani mjini Musoma. Alikaa nyumbani muda mrefu bila kazi, mpaka akaanza kuona aibu kupita barabarani. Kisha msimu wa pamba ulipokaribia, chama cha wakulima cha jirani kilimwita. Mwenyekiti wa chama aliitwa Mzee Bonifasi.

"Tunahitaji karani," alisema Mzee Bonifasi. "Wakulima wakipima pamba, wewe unaandika kilo za kila mtu. Jioni unamtumia mnunuzi orodha kwa mtandao. Ikifika, watu wanalipwa kwenye simu. Lakini chama hakina kompyuta. Wewe unayo?"

"Nitakuja nayo, mzee," Lukresia alijibu.

Basi ng'ombe wa Matrida akapelekwa mnadani. Burito aliuza vizuri, maana kwa ng'ombe hakuna wa kumdanganya. Lakini mnunuzi alipoanza kumswaga yule mnyama, Burito aligeuka akatazama upande mwingine.

Kesho yake baba na binti walikwenda Musoma kununua kompyuta mpakato, ile ya kubeba, ambayo wengi wetu tunaiita laptop.

"Baba, tupite kwanza Nyasho kwa dada Raya," Lukresia aliomba. "Yule niliyepanga kwake nilipokuwa chuo. Anafundisha kompyuta. Atatuelekeza."

"Anauza laptop?"

"Hauzi."

"Na yeye hanunui. Sasa anaingiaje kwenye biashara yetu? Mtu wa namna hiyo ni dalali. Nawajuaga." Burito akaongeza, "Na tukiwa dukani usinipinge mbele ya muuzaji. Akiona hatuelewani, ametumaliza."

Hiyo ndiyo desturi ya mnadani. Watu wa nyumba moja hawabishani mbele ya muuzaji. Mkubwa anachagua, wengine wananyamaza. Kwa ng'ombe, desturi hiyo imewasaidia wengi. Mimi naisema kwa sababu siku hiyo iliwaponza.

Dukani kulikuwa na kompyuta nyingi zilizokwisha kutumika. Burito hakuuliza maswali. Alizinyanyua moja moja, akizipima kwa mkono. Ndogo aliirudisha mezani haraka.

"Hii imekonda," alisema.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye macho mepesi. Alielewa mara moja amepata mteja wa aina gani. Akaleta kompyuta moja kubwa, nyeusi, nzito, yenye stika za kung'aa na vitufe vinavyowaka taa nyekundu.

"Mzee, hii ni dume," alisema. "Hata michezo ya Wazungu inacheza."

Burito aliinyanyua kwa mikono miwili, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Lukresia aliona mambo mawili. Kompyuta ilichelewa sana kuwaka. Tena wakati wote ilikuwa imechomekwa kwenye umeme. Chuoni walifundishwa kwamba mashine hujaribiwa bila waya. Alifungua mdomo. Baba yake akamtazama. Akaufunga.

Burito alilipa, akakabidhiwa waya wa chaji. Mnadani, ukishashika kamba, mnyama ni wako, hata akianguka njiani. Kwa hiyo hakudai risiti wala dhamana. Fedha yote ya ng'ombe iliishia pale.

Nyumbani ukweli ulijitokeza haraka. Ukichomoa waya, kompyuta ilizima kabla maji ya ugali hayajachemka. Ukifungua mtandao, ilikwama. Ilipata moto kiasi kwamba Lukresia hakuweza kuipakata.

"Itazoea," alisema Burito.

Siku ya kwanza ya kupima pamba, wakulima walijaa kwenye ghala la chama. Lukresia aliandika majina na kilo tangu asubuhi. Mzani ulisoma, yeye akaandika. Alifanya kazi safi, na moyoni alimkumbuka mama yake. Alasiri umeme ukakatika. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Umeme uliporudi, orodha haikuwepo. Lukresia alikuwa amezoea kuhifadhi kazi mwishoni, na mwisho ulikuwa haujafika.

Jioni ile hakuna aliyelipwa. Kila mkulima alikumbuka kilo zake, na wengine walikumbuka zaidi ya zilizokuwepo. Ikabidi pamba ilale ghalani, ipimwe tena asubuhi.

Asubuhi mzani ulitoa kilo pungufu. Karibu kila gunia lilikuwa limepungua.

"Kilo zetu ziko wapi?" aliuliza mama mmoja aitwaye Yuliana. Alikuwa jirani yao, mjane, mtu wa jumuiya moja ya kanisa na Matrida.

"Muulizeni huyo karani," sauti nyingine ilisema. "Orodha imepotea, kilo zimepotea. Vitu vyote vinapotea mkononi mwake."

"Kumbe mtoto wa Matrida ni mwizi," akasema mwingine.

Lukresia alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea. Hakumpata. Mzee Bonifasi alimwita pembeni.

"Binti, sisemi umeiba," alisema. "Ila watu hawakutaki. Nimemwita Dennis wa kule barabarani, ana kompyuta yake. Nenda nyumbani."

Kuanzia siku hiyo Lukresia hakwenda kisimani mchana. Hakwenda kanisani. Hakwenda jumuiya. Neno mwizi lilikuwa limeingia nyumbani mwao, na nyumba ya mfugaji wa Butiama haina jina baya kuliko hilo. Burito alikuwa akimsikia binti yake analia chumbani. Yeye mwenyewe alikaa kwenye zizi mpaka giza, akitazama mahali alipokuwa akifungwa ng'ombe wa mkewe. Ile kompyuta nzito ililala mezani, haina faida hata ya kuegeshea mlango.

Siku moja Burito alisema, "Vaa. Twende kwa yule dada yako wa Nyasho."

Raya alikuwa na chumba kidogo cha kuchapa na kufundisha kompyuta. Aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa, akasikiliza yote mpaka mwisho. Hakucheka. Aliwasha ile kompyuta, akasubiri, akasubiri tena.

"Mzee Burito, habari yenu imenihuzunisha," alisema. "Ungenijia mapema. Haya. Ukinunua ng'ombe, unajiuliza kwanza nini?"

"Kama ni wa maziwa au wa jembe."

"Hapo hapo. Na laptop ni hivyo. Jiulize kwanza kazi. Lukresia anaandika, anapiga hesabu, anafungua mtandao, anatuma barua pepe. Basi. Hii mliyopewa ilitengenezwa kwa michezo. Inakula umeme mwingi, inachemka, halafu imezeeka. Uzito wake hauna kazi kwenu."

"Na hizi stika?" Burito aliuliza.

"Stika inabandikwa na mtu yeyote. Fungua mipangilio, usome mashine yenyewe inajitajaje. Kwa kazi za kawaida tafuta RAM ya GB nane. RAM ni kama meza ya kazi. Ikiwa ndogo, ukiweka vitu viwili umejaza. Hii yenu ina mbili tu."

"Na kuchelewa kuwaka?" aliuliza Lukresia.

"Hiyo ni diski. Humu kuna diski ya zamani, inazunguka. Omba yenye SSD. Inawaka upesi na haisumbuliwi na mitikisiko ya barabara zetu. Ukubwa wa GB mia mbili hamsini na sita unakutosha. Na uliza kizazi cha prosesa, yaani ile sehemu inayofikiri. Kama ni ya Intel, kizazi cha nane kwenda juu. Chini ya hapo, Windows mpya haiikubali, na ile ya zamani haipati tena ulinzi wa bure kama zamani."

Burito alikuna kichwa. "Mpya ya namna hiyo itatushinda."

"Si lazima mpya. Kuna zilizotumika maofisini, zikasafishwa na kupimwa. Ndogo, za inchi kumi na nne. Zinauzwa bei ya kawaida. Ila uijaribu. Chomoa waya, iache iwake wewe ukiwa umekaa hapo dukani. Bonyeza kila kitufe. Iunganishe na mtandao kwa simu yako. Jaribu matundu ya flashi na kamera. Hakikisha haikuombi nenosiri la mwenye nayo wa zamani. Halafu dai risiti yenye namba ya mashine, na dhamana ya maandishi. Muuzaji akikataa kukuacha ujaribu, toka."

Lukresia aliinamisha kichwa. "Dada, kuchomoa waya nilijuaga. Niliogopa kusema."

Burito alitazama mikono yake.

"Mimi ndiye niliyemkataza," alisema taratibu. "Mama yake angemuuliza yeye. Mimi nilimuuliza muuzaji."

Raya hakutaka kulipitia hilo juu juu, wala hakutaka kulichimba. Alimgeukia Lukresia.

"Na wewe kuna kosa lako, si la mashine. Hifadhi kazi kila baada ya mtu mmoja. Na nakala iwe kwenye flashi. Mashine nzuri nayo inaweza kuzima."

"Nimesikia, dada."

"Twende wote dukani," Burito alimwomba Raya.

"Siendi, mzee. Unaye anayejua."

Fundi mmoja wa Bunda aliinunua ile kompyuta nzito kwa ajili ya vipuri tu, kwa bei ya kusikitisha. Burito akauza mbuzi wawili kuongezea fedha. Katika duka moja la hapo Bunda, lenye mashine zilizotoka maofisini, muuzaji alianza kumsifia Burito bidhaa zake. Burito alimkatiza.

"Mimi nimemsindikiza huyu," alisema. Kisha, mbele ya muuzaji, akamwambia binti yake, "Sema wewe. Mimi nimekaa."

Lukresia alisoma mipangilio. Alichomoa waya, akaandika barua ndefu isiyo na maana huku betri ikipungua kidogo kidogo. Ya kwanza aliikataa, kitufe kimoja kilikuwa kimekufa. Ya pili nayo aliikataa, betri yake haikukaa. Muuzaji alinuna. Burito alikuwa akitokwa jasho kwa aibu, lakini hakusema neno. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, nyepesi, ya kawaida kabisa. Hiyo walitoka nayo, pamoja na risiti na dhamana.

Kazi ya chama haikurudi. Dennis aliendelea nayo. Lukresia aliweka meza sebuleni, akaanza kuchapa mitihani ya walimu na kujaza maombi ya watu kwenye mtandao. Mwanzoni walikuja watu wa mbali tu. Majirani walipita barabarani wakitazama mbele.

Miezi ikapita. Siku moja ya mvua Yuliana alisimama mlangoni. Mwanawe alikuwa amefaulu, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kuomba mkopo wa chuo.

"Dennis hana umeme," alisema bila kuinua macho. "Wanasemaga ya kwako inafanya kazi hata gizani."

"Karibu, mama. Kaa."

Umeme haukuwepo kijiji kizima. Lukresia aliunganisha kompyuta na simu yake, akajaza, akahifadhi, akajaza, akahifadhi. Burito alikuwa chumba cha pili, anasikia. Ombi likatumwa. Jibu la kupokelewa likaja.

Yuliana hakuinuka. Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Lukresia mwanangu, zile kilo…"

"Sikuiba, mama."

"Najua. Nilijua asubuhi ile ile." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Pamba yangu niliinyunyizia maji ili mzani uongezeke. Wengi tulifanya hivyo. Ilipolala ghalani ikakauka. Kilo zilizopotea zilikuwa maji."

Lukresia aliinuka kwa hasira. "Na mkaniacha niitwe mwizi."

"Ningesema, wangenigeukia mimi. Nikanyamaza."

Mvua iliendelea kunyesha juu ya bati. Lukresia alifuta machozi, akafunga kompyuta.

"Mimi pia niliwahi kunyamaza, mama, na nimelipa," alisema. "Basi sasa usininong'oneze mimi. Kawaambie wao."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Yuliana alisimama mbele ya watu akasema yote, hata habari ya maji. Wengine walinung'unika. Mzee Bonifasi alitazama chini. Lukresia alikuwa amekaa kwenye benchi ya mama yake, kwa mara ya kwanza tangu msimu wa pamba. Nyuma kabisa, Burito, ambaye hakulia siku ya kumzika mkewe, aliinama akalia huku kanisa zima likimsikia, na hakujaribu kujificha.