Mapazia ya Nyumba ya Golf

Kasonde alishika ncha moja ya kitambaa cha kijani, Amida akashika nyingine. Duka lilifurika watu, jora lilikuwa la mwisho, na hakuna aliyetaka kuachia. Kasonde, fundi umeme wa migodi ya shaba, alivaa suti ya abakosti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri. Amida, mshonaji wa Kampemba, alikuwa na kikwembe cha kitenge cha manjano na ulimi mkali. Alimuuliza kama hata kifungo anajua kukishona.

Wakacheka. Wakakubaliana Kasonde anunue, Amida amshonee mapazia.

Nyumba ya Kasonde ilikuwa mtaa wa Golf, kuukuu, ya enzi za Wazungu. Kasonde alikuwa ameng'oa milango ya mbao ya barazani na kuweka ya vioo vya kusukuma kando, kwa sababu ile ya zamani ilijifungua yenyewe mchana. Amida alipokuwa akipima dirisha la mwisho, kioo kipya nacho kikateleza polepole, kikaacha nafasi ya mtu kupita. Hapakuwa na upepo. Kasonde alitazama pembeni, akamuuliza kama atakunywa chai.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wiki tatu nzima Kasonde alimpigia Amida simu kazini kwake akimwita chérie, yaani mpenzi, na washonaji wenzake wakamtania mpaka wakachoka. Siku moja Amida ndiye aliyepiga, nyumbani Golf, aulize kama mapazia yatiwe bitana. Akajibu mwanamke, kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini.

"Weka muzito, mama. Jua inaniumiza macho."

Amida alikata simu, akalia kwa hasira, kisha akabeba mapazia hadi Golf.

"Ungeniambia ulishaka kuoa, uko na bibi," alisema.

"Siko na bibi."

"Nimesema naye. Anasema jua inamuumiza macho."

Kasonde akaketi sakafuni, akamsimulia yote, akikwepa neno kufa. Mkewe Chileshe alikufa miaka miwili nyuma, na mwishoni mwa ugonjwa hakuweza kuvumilia mwanga. Alizikwa kwao Kambove. Desturi yao ni kwamba mume aliyefiwa huenda kwa wakwe, wakamfunga shanga nyeupe mkononi ili marehemu amwachie. Kasonde hakwenda. Aliona hayo ni mambo ya kizamani, akabadilisha milango.

Nyuma yao kioo kikateleza. Hakuna aliyegeuka.

Amida aliogopa. Lakini alimpenda mtu huyu, na hakuwa tayari kuolewa ndani ya nyumba ya mwanamke mwingine.

"Banakungojea Kambove, weye unanunua vioo," alisema. "Enda. Kama hauendi, usinipigie tena."

Kasonde alikaa Kambove siku nne. Shangazi yake Chileshe alimfunga shanga bila neno la lawama, na Kasonde akalia kilio ambacho hakukilia mazikoni.

Alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya Amida.

"Bibi yangu alikufaka," alisema. Hakuwahi kulitamka neno hilo la kufa. "Sasa ninaweza kukuomba. Ukubali nikuoe."

Alianza kuvuta mkono wa shati afunike shanga. Amida akamzuia.

"Usiifiche. Baba yangu iko nyumbani Ijumaa. Ukuje nayo hivi hivi, uniombe kwake. Jina ya Chileshe nitamwambia miye mwenyewe."