Kitambaa Nilichokitupa Asembo

Jioni ile ya mwaka 1991 nilikuwa natafuta gogo tu. Gogo dogo la kuweka kwenye tangi la samaki.

Nilikuwa nimetoka kutengeneza redio ya mteja Asembo Bay, jua linazama, nikapitia ufukweni mwa ziwa. Mwajiri wangu wa zamani aliponiachia lile tangi la kioo, alinifundisha kwamba samaki wake, neon tetra, hupenda kivuli. Walikuwa kumi na wawili, wadogo kuliko kidole changu, wenye mstari wa buluu na mwekundu ubavuni. Hawapigani, hawaumani. Binti yangu Nasipwondi, wa miaka mitano, aliwapenda kuliko alivyonipenda mimi, na sikuona wivu.

Mahali ambapo mawimbi yalikuwa yamekula udongo, nikaona tunda la mwegea, lile refu na gumu, limeviringishwa kitambaa cheupe. Mimi ni Mbukusu. Kwetu tunda ni tunda. Nikafungua kitambaa, nikakitupa, nikalibeba hadi kwangu Kaloleni, nikaliweka tangini badala ya gogo.

Samaki hawakulikaribia. Walijibana pembeni, wote kumi na wawili, vichwa vikilielekea. Siku ya pili rangi zao zilipauka. Chumba kikaanza kunuka matope ya ziwa...

Siku ya tatu, giza likianza kuingia, jirani yetu Milka, mzaliwa wa Asembo, alikuja kuomba chumvi. Akaishia mlangoni.

“Baba Nasipwondi,” akanong'ona akilitazama lile tunda, “hiyo yago umetoa wapi?”

“Kwenu. Kando ya maji.”

“Ilikuwa imevalishwa nguo?”

“Kitambaa tu. Nilikitupa.”

Alirudi nyuma hatua moja.

“Mtu akipotea kwa ziwa na mwili ikose, sisi tunazika yago. Hiyo ndiyo mwili yake. Umeleta maiti kwa nyumba yako, tena umeivua nguo.”

Kulipopambazuka nilikuwa njiani kurudi Asembo na lile tunda. Nilielekezwa kwa Mama Dorca, bibi mkongwe ambaye mwanawe Oduor alimezwa na ziwa miaka minne nyuma. Hakuligusa.

“Nilimzika Oduor mara moja,” alisema. “Siwezi mzika tena. Na saa hii yeye anajua kwako.”

Nilimsihi. Nilipiga magoti. Akaingia ndani, akafunga mlango. Nikalifukia mwenyewe kwa mikono pale nilipolitoa, bila kitambaa, nami sikujua maneno ya kusema.

Nilifika Kaloleni jua likizama. Metrine, mke wangu, alikuwa uani akiosha vyombo. Ndani, samaki walikuwa wameng'aa tena. Walizunguka taratibu pale tunda lilipokuwa, wakipisha kitu ambacho sikukiona.

Nasipwondi alikuwa amesimama juu ya kigoda, mkono wake wa kulia umezama hadi begani.

“Baba,” akasema polepole, “amenishika.”

Nilimvuta.

Ndani ya maji, kitu kikavuta pia.

Nilivunja kioo kwa nyundo. Maji yakatapakaa, samaki wakarukaruka sakafuni hadi wakatulia, na mtoto akaniangukia kifuani. Kwenye mkono wake palikuwa na alama za vidole vitano. Vya mtu mzima.

Tulihamia Bungoma, mbali na ziwa. Wachungaji wamemwombea, wazee wa kwetu wamefanya waliyoyajua, na mimi nimelia hadi nimeona aibu. Hakuna kilichosaidia. Kila jua likizama, binti yangu huacha alichokuwa akifanya, hunyoosha mkono wake wa kulia kama mtoto anayevushwa barabara, na kuanza kutembea kuelekea ziwani. Mkono huo huwa umelowa.

Mimi hushika wa kushoto. Hushikilia mpaka giza liingie kabisa, ndipo anapoachiliwa.

Sasa ana miaka minane. Kila jioni huvutwa kwa nguvu zaidi, na mimi nimeanza kuchoka.