Kitambaa Cheupe Darini

"Shika meza vizuri," mshonaji alimwambia mumewe. "Ikiyumba nitakuangukia."

Alikuwa amesimama juu ya meza, akipigilia kitambaa cheupe kwenye mbao zilizozunguka dari. Zege la dari lilikuwa limelowa. Lilikuwa pia limepasuka, na nondo zenye kutu zilichungulia kama mbavu za mgonjwa. Kesho yake mkaguzi wa nyumba za halmashauri angepita.

Kitandani, chini ya dari hiyo, mama mkwe alikuwa amelala na mjukuu wake.

"Mkwe wangu, hicho kitambaa ni cha dari au ni sanda yangu?" aliuliza.

"Mama, usitutie nuksi," mume wa mshonaji alisema.

Jengo zima lilificha dari zake hivyo. Zamani familia moja ililalamika kuhusu dari mbovu. Ikahamishwa ili chumba kitengenezwe, na haikurudi tena. Chumba kikapewa watu wengine. Tangu hapo, kila ukaguzi ulipokaribia, majirani walimletea mshonaji vitambaa awashonee. Mkaguzi alitazama juu, akaona weupe, akaenda zake.

Ghafla kitu kilianguka ndani ya kitambaa. Kitambaa kikavimba kama tumbo, juu kabisa ya kitanda.

"Mtoe mtoto," mshonaji alinong'ona. "Polepole."

Mumewe alimnyakua mtoto, akamvuta na bibi wa mtoto mkono. Hawakuwa wamefika mlangoni. Kitambaa kilichanika, na bonge la zege likatua juu ya mto.

Katibu wa kamati ya wapangaji, aliyekaa chumba cha chini, alipanda ngazi akihema.

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna," mshonaji alijibu. "Tafadhali shoga yangu, usimwambie mtu."

Katibu alilitazama lile bonge. "Maji ya bafu la juu yanavuja. Nondo zikiota kutu huvimba, na zikivimba husukuma zege. Kitambaa hakizuii kitu. Kinatuziba macho tu."

"Tukisema watatutoa."

"Hata mimi naogopa. Dari yangu nayo ni hivi hivi. Lakini wale wenzetu walisema peke yao. Tena walitoka bila kuuliza watarudi lini. Sisi tuseme wote, na tuulize kabla ya kutoka."

Usiku ule walilala kwa Katibu, vitanda vyote vimesukumwa ukutani. Mshonaji hakupata usingizi. Akifumba macho, aliuona ule mto.

Mkaguzi alipofika, mshonaji mwenyewe alimwongoza hadi chumbani. Majirani walijipanga kwenye ngazi.

Mkaguzi alitazama juu, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Nimepita humu mara nyingi. Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuogopa, baba."

"Chumba hiki hakilaliki tena."

Katibu akasogea.

"Sawa. Watalala wapi? Na watarudi lini?"

"Hilo siwezi kuamua mimi."

"Basi tupeleke kwa anayeweza. Tutakwenda sote."

Walikwenda. Wakarudishwa, wakaenda tena. Mwishoni halmashauri ilikubali: anayehamishwa kwa ajili ya matengenezo apewe chumba kitupu humo humo jengoni, kisha arudi chumbani kwake. Na mkaguzi asipite tena bila mtu wa kamati. Familia ya mshonaji ikahamia chumba kitupu cha ghorofa ya chini. Mafundi wakaanza kwa kuziba bomba la bafu, wakaegemeza dari kwa nguzo za mbao.

Sasa ilibaki kazi ya kubandua vitambaa ili mafundi waone vyumba vingine. Mshonaji aliifanya mwenyewe, mlango hadi mlango. Jioni alifika kwa mzee mmoja aliyeishi peke yake. Mzee hakufungua.

"Na wakinitoa, binti yangu?" aliuliza kutoka ndani.

"Mimi walinitoa. Niko hapo chini, na chumba changu kinatengenezwa."

Mzee alisogea karibu na mlango.

"Njoo kesho basi. Leo sina nguvu ya kuitazama hiyo dari."

Mshonaji alitia koleo lake la kung'olea misumari mkobani.

"Nitakuja asubuhi. Lakini leo usilale katikati ya chumba, babu. Vuta kitanda hadi pembeni, mbali na penye maji."

Hakuondoka. Alisimama gizani kwenye ngazi, akisikiliza, mpaka aliposikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu.