Pini ya Bi Mwaisha

Raya wa Mlali ni shoga yangu, na kusema uongo hajui. Mama yake, Bi Mwaisha, alivunjika bega akishuka mlimani na mzigo wa ndizi. Mjini akapasuliwa, akawekewa pini ya chuma. Ncha yake ilikuwa ikigusika chini ya ngozi, kama uvimbe. Raya akawa anamchua kwa mafuta ya nyonyo, kama tunavyochuana huku kwetu, mpaka asubuhi moja ncha ile ikazama chini ya kidole chake.

"Mama, uvimbe umeisha!"

"Alhamdulillahi, mwanangu."

Haikupita wiki, kifua kikambana Bi Mwaisha. Picha ikaonyesha pini imefika kwenye moyo. Akafa kabla haijatolewa, akazikwa nayo.

Juzi ukungu ulishuka mchana, nyumba ikawa giza. Raya aliingia jikoni kuchukua yale mafuta. Anasema alisikia chuma kikigonga chupa, ti, ti, taratibu. Alinijia uani analia, kashika bega lake ambalo halijawahi kupasuliwa.

"Shoga, nipapase hapa."

Palikuwa na ncha, ngumu, ya baridi.

"Usimwambie daktari," akasema. "Niache na mimi nimbebe."

Nikaigusa tena. Ikazama.