Farasi-bahari wa Februari

Saa mbili asubuhi, Jumamosi moja ya Februari, maji ya Ghuba ya Swanage yalikuwa na joto la nyuzi nane. Bryony Samways alisoma kipimo hicho kwa sauti, kama alivyofanya kila Jumamosi. Mama yake, Lynne, nahodha wa boti, akaitikia kwa kichwa bila kuachia usukani. Nyuma yao Rufus, binamu yake Bryony, alipanga ndoo za chambo huku amebana pua.

"Izoee tu hiyo harufu," Bryony alimwambia. "Ukishindwa Jumatatu, wiki nzima unakatakata kaa waliooza."

"Nani ashindwe? Wewe anza kunoa kisu chako."

Ubishi huo ulianzia darasani. Wakati wa kiangazi wapiga mbizi huwaona farasi-bahari, samaki wadogo wenye vichwa kama vya farasi, wamejishikiza kwa mikia kwenye nyasi za bahari karibu na ufuko. Majira ya baridi hawaonekani. Mwalimu Pitman aliuliza wanakwenda wapi. Rufus alisema wanakufa. Bryony alisema wanahamia kwenye kina kirefu, ambako mawimbi ya dhoruba hayafiki.

"Uliwaona wakifunga mizigo?" mtu aliuliza, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akawaambia walete ushahidi Jumatatu. Bryony hakuwa nao, ila mbele ya darasa zima yeye na Rufus waliwekeana dau la kukatakata kaa waliooza wa chambo.

Boti ilisimama mbali na nchi kavu, mahali penye kina cha mita ishirini na mbili. Winchi ikaanza kuvuta kutoka chini madema, mitego ya kunasia konokono wa bahari.

"Shangazi, simamisha!" Rufus alipiga kelele. "Simamisha!"

Juu ya dema, mkia ukiwa umezungushwa kwenye kamba, alining'inia farasi-bahari mwenye urefu wa kidole. Jicho moja lilitazama mbele na jingine nyuma.

"Ndoo! Leteni ndoo!" Bryony alisema. "Jumatatu nampeleka darasani, tuone nani atacheka."

"Hatiwi ndooni," mama yake alisema. "Sheria inamlinda. Kumweka ni kosa."

"Basi tumpeleke kwenye nyasi karibu na ufuko. Si ndiko kwao?"

"Kwao kwa kiangazi, mwanangu. Sasa hivi nyasi zenyewe zimepukutika, na kesho dhoruba inaingia. Utamuua huku unampenda."

"Picha, basi! Simu yangu iko chini, ndani ya koti."

"Haya, kaifuate. Lakini anakauka, na wale ndege shakwe wanaozunguka juu wameshamwona."

Bryony alitazama mlango wa chumba cha chini. Kisha akachota maji kwa viganja na kummwagia samaki. "Mteremshe, Mama," alisema. "Polepole."

Lynne aliteremsha dema kwa mkono. Wote watatu waliinama ukingoni. Farasi-bahari alizama akiwa hai, bado ameing'ang'ania kamba, mpaka maji ya kijani yakamficha.

"Nilisema mimi!" Bryony aliruka, akateleza, akaketi ndani ya ndoo ya chambo. Rufus alicheka hadi akashika mbavu.

"Umeshaanza kazi yangu, asante!"

Hata Lynne alicheka. Wakiwa njiani kurudi, Bryony alikumbuka jambo. Hakuwa na picha. Aliyemwona samaki pamoja naye, ukimtoa mama yake, ni mshindani wake.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa, akaeleza.

"Picha?" Mwalimu Pitman aliuliza.

"Sina."

Minong'ono ikaanza. "Kaota huyo!"

"Kuna mwingine aliyeona?"

Rufus alikuwa anatazama vidole vyake. Kisha akainuka.

"Mimi. Tena mimi ndiye niliyemwona kwanza. Alikuwa hai. Mita ishirini na mbili." Akavuta pumzi. "Nimeshindwa."

"Kaa waliooza!" darasa lilishangilia. "Kaa waliooza!" Rufus akainama kama mfalme anayepokea salamu, na Bryony akampigia makofi kuliko wote.

"Kwa hiyo imethibitika," Bryony alisema. "Wote wanahamia huko!"

"Wote?" Mwalimu alimkatiza. "Uliona wangapi?"

Bryony aliinua kidole kimoja. "Mmoja."

"Watafiti wengi wanaamini kama wewe, na wana sababu: wavuvi wengine pia wamewapata kwenye kina kirefu. Lakini wewe umeona mmoja. Sema huyo mmoja, nawe utaaminiwa. Rufus angeweza kunyamaza na asingegundulika. Ameshindwa ubishi, lakini leo neno lake lina uzito kuliko jana. Mkweli husema alichokiona hata kikimuumiza, wala hakiongezi hata kikimfurahisha."

Alimpa Bryony pini nyekundu. Bryony akaichomeka kwenye ramani ya ghuba iliyokuwa ukutani, akaandika kando yake: *Februari, mita 22, mmoja, hai.*