Usizime Gari Mteremkoni

Wa kwanza kuniambia jambo hili alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye tunaishi naye. Tulikuwa uani tunaanua nguo. Akaniangalia, akacheka.

"Wifi, hivi hilo gari lenu limeokoka? Siku hizi halinywi kabisa. Mdogo wangu anajisifu mtaa mzima utadhani kalizaa yeye."

Nilicheka na mimi, maana ilikuwa kweli.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Gari lake ni dogo na kuukuu, kwa umri limenizidi. Mlango mmoja unafunguka kwa ndani tu, na kiti cha mbele kimejaa mitungi ya gesi na mabomba ya shaba, kwa hiyo mimi na binti yetu mchanga hukaa nyuma. Kila wiki huenda mji wa pili kutengeneza majokofu ya mabucha. Hunishusha kwa mama yangu, na jioni hunipitia tukarudi wote kwa barabara kuu.

Katika kurudi, lazima asimame kwenye kituo cha mafuta kilicho juu ya mteremko mrefu. Hujaza tangi hadi shingoni, huku akilitikisa gari kwa nyonga ili hewa itoke. Kinachoingia ndicho kilichotumika tangu wiki iliyopita. Mshale hauamini, anaamini pampu. Na pampu ilikuwa inamchekesha, kwa sababu kila wiki tangi lilipokea kidogo kuliko wiki iliyotangulia.

Yeye alisema ni ujanja wake. Tukitoka pale kituoni alikuwa anazima gari, anatoa gia, anaacha lishuke lenyewe mteremko wote. Kabla ya kuzima hupiga dashibodi kofi dogo na kusema, "Haya, mwenye nguvu karibu, utusukume."

Maneno ya mzaha tu. Kila wiki maneno yaleyale.

Kipindi hichohicho maziwa yangu yalianza kupungua. Nilikunywa uji, nilikunywa maji, nilikandwa na mama. Hayakurudi. Binti yangu alinyonya hewa akalia, mashavu yakaanza kuingia ndani. Muuguzi alimpima, akaangalia mizani mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole kama nyumbani tunakula. Nikasema tunakula. Mimi si mtu wa maneno mengi.

Sikuunganisha mambo hayo mawili. Nani angeyaunganisha?

Jioni ile tulifika kituoni jua limeshazama, mbingu bado ina wekundu kidogo. Mume wangu alijaza mwenyewe, kama kawaida yake. Nilisikia pampu ikianza... na hapohapo ikakata. Tak.

Akalitikisa gari. Akajaribu tena. Tak.

"Mama mtoto!" aliita kwa furaha. "Hata chupa ya soda haijaingia! Wiki nzima!"

Akaenda ndani kulipa huku anapiga mluzi. Dada wa pampu alibaki amesimama, mpira wa mafuta mkononi. Hakuwa anacheka. Alikuja polepole hadi dirishani kwangu, akainama.

"Mdogo wangu, unanyonyesha?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, dada."

"Maziwa yanatoka?"

Nilishikwa na aibu. Swali gani hilo kwa mtu usiyemjua? Lakini macho yake hayakuwa ya umbea.

"Yamepungua," nikasema.

"Mumeo anazima gari pale mteremkoni, si ndiyo?"

"Anaokoa mafuta."

"Mwambie asizime." Akageuka kuangalia ofisini, kisha akanong'ona haraka. "Kuna mama alikuwa anavuka pale na kichanga chake. Magari yaliyowaka aliyasikia, akayapisha. Lililozimwa hakulisikia. Mtoto alirushwa pembeni, akaanguka kwenye nyasi, mzima. Alilia njaa mpaka giza likaingia. Hakuna aliyesimama. Baadaye... akanyamaza."

Mikono yangu ilikaza shuka la mtoto.

"Mama yake bado anamtafutia," alisema.

"Anamtafutia nini?"

Aliangalia kifua changu tu, kisha akaondoka, maana mume wangu alikuwa anarudi.

Niseme nini sasa? Nilifungua mdomo. Baba mtoto, usizime. Maneno matatu tu. Lakini alikuwa na furaha ile, na mimi nikaogopa kuchekwa. Nikamvuta mtoto karibu.

Tukafika ukingoni. Akapiga dashibodi.

"Haya, mwenye nguvu karibu, utusukume."

Akazima.

Kimya.

Upepo tu dirishani. Gari likaanza kushuka, taratibu, kisha kwa kasi. Taa za mbele zilimulika lami tupu. Mtoto alikuwa amelala. Nilianza kujiambia kwamba dada wa pampu ana yake kichwani...

Ndipo nikasikia.

Pa. Pa. Pa. Pa.

Nyayo. Miguu mitupu inakimbia juu ya lami, nyuma yetu. Nyayo nzito, za mtu anayesukuma mzigo.

Sikugeuka.

"Unasikia?" nilinong'ona.

"Tairi hizo," alisema mume wangu. "Zimeisha upande mmoja."

Tukafika chini. Hapo ndipo huwasha gari, kwa sababu mbele barabara inapanda. Lakini kasi haikupungua. Akaondoa mkono kwenye ufunguo, akacheka.

"Ona, mama mtoto! Ona gari langu!"

Gari likaanza kupanda.

Limezimwa, na linapanda.

Kicheko chake kilikatika katikati. Akakanyaga breki. Gari likizimwa breki huwa ngumu, hilo hata mimi nilikuwa nalijua, lakini hii haikushuka hata kidogo. Akasimama juu yake kwa miguu yote miwili. Tulizidi kupanda. Pa. Pa. Pa. Pa.

Kisha nyayo zikanyamaza.

Kiti kikabonyea pembeni yangu. Polepole, kama mtu mzima anapojishusha baada ya safari ndefu. Mtoto akateleza kidogo kuelekea upande ule. Nikamvuta. Harufu ikanijaa puani, harufu ya maziwa yaliyochacha kwenye nguo iliyolowa.

Sikuona mtu.

Nilihisi mdomo. Binti yangu alikuwa amelala begani kwangu, mdomo wake uko shingoni, nauhisi. Na bado kitu kilikuwa kinanivuta kifuani, chini ya gauni. Baridi. Kidogo sana, kama mdomo wa mtoto wa siku moja.

Fyonz... fyonz... fyonz...

Na juu ya sauti hiyo, sauti ya mwanamke, kando ya sikio langu, inabembeleza.

"Nyonya, mama. Nyonya. Bado yapo."

Binti yangu aliamka. Hakulia. Alifungua tu mdomo kama anayelia, na sauti haikutoka. Kichwa kikalegea. Alikuwa mwepesi mikononi mwangu, mwepesi kama nguo.

Hapo nikapiga kelele. Sijui ilitoka wapi.

"Washa gari! Baba mtoto, washa gari! Mwanao anakufa!"

"Ufunguo haushiki!"

"Tia gia!"

Akatia gia ya pili, akaachia klachi. Gari likaruka, likakohoa, likanguruma. Sijawahi kupenda sauti kama nilivyoupenda mngurumo ule. Kifua changu kikaachiwa. Mtoto akavuta pumzi kwa nguvu, kisha akalia, na kilio chake kikajaa gari zima. Mbele niliona mshale wa mafuta ukishuka, unashuka huku tunautazama, kutoka juu kabisa hadi karibu na mwisho, kana kwamba mafuta yote aliyookoa yanadaiwa kwa mara moja.

Lakini kiti pembeni yangu hakikuinuka.

Tulikwenda hivyo hadi nyumbani, gia ndani. Nilijibana mlangoni na mtoto. Tulipofika, mume wangu alizima gari, akatoa mikono kwenye usukani.

"Ulikuwa upepo," alisema. "Upepo wa nyuma."

Akaingia ndani bila hata kulifunga gari kwa ufunguo.

Asubuhi niliamka kabla yake. Mtoto alikuwa amelala ubavuni kwangu, macho yameingia ndani, midomo mikavu. Nilimwangalia nikajua hatafika wiki nyingine. Nikamwachia wifi, nikatoka nje peke yangu.

Gari lilikuwa pale uani, mbele ya mlango wetu. Lilikuwa limeinama upande wa nyuma, kama lina mtu.

Nilifungua mlango wa nyuma. Harufu ileile. Nilijua mtu aliyekaribishwa hatoki mpaka aambiwe, na ndani ya nyumba ile hakuna mwingine ambaye angemwambia. Nikaongea kwa adabu, kama ninavyoongea na mtu aliyenizidi umri.

"Shikamoo, mama. Pole kwa mwanao. Huyu wangu naye ana njaa. Umefika, mama. Shuka."

Kisha springi zikalia, nyiii... na gari likainuka.

Papo hapo kifua kikanijaa. Maziwa yalitoka yenyewe, ya moto, yakalowesha gauni hadi kiunoni. Nilikimbia ndani huku nacheka na kulia, nikamchukua binti yangu kwa wifi, nikamweka titini. Alinyonya akapaliwa, akanyonya tena. Wifi alipiga vigelegele. Nikatoka naye mlangoni apate jua, na nikasimama nisikilize nyayo za yule mama zikielekea barabarani.

Nilisikiliza sana.

Hazikuelekea barabarani. Hazikuelekea popote. Ndipo nilipolitazama gari, nikautazama mlango wetu ulio wazi, nikaelewa nimemwambia mtu ashuke wapi.

Ndani, wifi aliniita kwa mshangao.

"Wifi, mbona hapa kitandani pamebonyea?"

Nilimfunika binti yangu kwa kanga, nikabaki nimesimama kizingitini.